Clouzot: Mfaransa ambaye filamu zake za hofu zilirudiwa kwa Kiingereza

Msikilizaji wetu, filamu nyingi za kusisimua tunazozijua kwa Kiingereza zilizaliwa kwa lugha nyingine. Leo tunamwangalia mtu mmoja aliyechukuliwa hadithi zake tatu: Henri-Georges Clouzot.

Alizaliwa mwaka 1907 mjini Niort, Ufaransa. Akiwa kijana alifanya kazi Berlin, Ujerumani. Wakati huo sauti ndiyo kwanza imeingia kwenye sinema, na filamu moja ya Kijerumani iliweza kupigwa upya nzima kwa Kifaransa ili iuzwe kwao. Clouzot alishughulika na matoleo hayo. Kwa hiyo alianza kwa kurudia kazi za wengine. Mwaka 1934 alifukuzwa kwa sababu ya urafiki wake na watayarishaji Wayahudi. Kisha akashikwa na kifua kikuu, akalazwa miaka kadhaa.

Vita vikaja, Wajerumani wakaikalia Ufaransa. Clouzot akaajiriwa na kampuni ya filamu ya Wajerumani mjini Paris, na hapo mwaka 1943 akatoa Le Corbeau, yaani Kunguru. Ni habari ya mji mdogo unaopokea barua za siri zisizo na jina la mwandishi, mpaka jirani akamwogopa jirani. Kumbuka kwamba siku hizo Wafaransa walikuwa wakichongeana kwa Wajerumani kwa barua za namna hiyo hiyo, na mtu aliweza kuuawa. Filamu iliwauma wote: serikali, kanisa, na wapiganaji wa ukombozi pia. Vita vilipokwisha alipigwa marufuku maisha kutengeneza filamu. Baadhi ya waandishi na wasanii walimtetea, adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1947 akarudi kazini.

Mwaka 1951 Otto Preminger aliirudia Kunguru kwa Kiingereza, akaihamishia Quebec, Kanada. Barua zilivuka bahari, lakini hatari ya kuuawa ilibaki Ufaransa. Kwa maoni yangu, kule zilibaki umbea tu.

Mwaka 1953 akatoa Le Salaire de la peur, ujira wa hofu. Watu wanne waliokwama katika mji maskini wa Amerika ya Kusini wanaendesha malori mawili yaliyobeba nitrogliserini, kilipuzi kinachoweza kulipuka kwa mtikisiko tu, kwenda kuzima moto wa kisima cha mafuta. Malipo ni dola 2,000 kwa kila mmoja. Wewe uliyewahi kupanda lori kwenye barabara yenye makorongo utaielewa hofu hiyo bila mkalimani. Lakini malori hayaondoki upesi. Clouzot anakukalisha kwanza mjini, uione njaa na uvivu wa kukosa kazi, ujue kwa nini mtu mzima anakubali safari kama ile.

Miaka miwili baadaye ikaja Les Diaboliques, ya mke na hawara wanaopanga kumuua mwanamume mmoja. Mke anayeumwa moyo aliigizwa na Véra, mke wa Clouzot mwenyewe, ambaye kweli alifariki kwa moyo mwaka 1960. Filamu inamaliza kwa kuwaomba watazamaji wasiusimulie mwisho wake, nami sitausimulia. Toleo la Marekani la 1996, la Sharon Stone na Isabelle Adjani, liliubadilisha mwisho huo, na hofu ikapungua.

Aliyefanikiwa zaidi kuirudia kazi yake ni William Friedkin, aliyewapeleka madereva wale msituni katika Sorcerer. Filamu hiyo ilitoka Juni 1977, wiki chache baada ya Star Wars, na wakati huo wachache waliingia kuitazama. Friedkin aliitoa kwa heshima ya Clouzot, lakini mzee hakuiona ikionyeshwa. Alikuwa amefariki Paris Januari mwaka huo huo.