Stanley Dale: Mtu Mgumu Katika Bonde Gumu

Kwa kuwa mwezi huu ni mwezi wa misheni, nimeombwa ukurasa huu wiki hii usiwe muhtasari wa mahubiri bali maisha ya mtu. Nimemchagua Stanley Dale, Mwaustralia aliyepeleka Injili kwa Wayali, kabila la milimani huko Papua. Wengi wenu mmesikia jinsi alivyokufa, maana wahubiri wanapenda sana ile sehemu ya mishale. Mimi nataka tuangalie jinsi alivyoishi, na watu aliowaendea walikuwa akina nani.

Nilisoma biashara kabla ya kuingia huduma, na mtu wa biashara akiona mradi anauliza: umeweka nini, umepata nini? Basi chukua Septemba 1968, siku Dale alipokufa. Miaka saba ya jasho, familia nzima imeishi porini, vijana wawili waumini wameuawa, na sasa mwenye kazi mwenyewe ameuawa. Kwenye bonde alilokuwa akipita siku ile hakukuwa na kanisa wala mwamini. Mhasibu yeyote angeandika hasara na kufunga kitabu. Shikilia hapo, tutarudi kwa hiyo hesabu.

Dale alizaliwa mwaka 1916 huko Kyogle, jimbo la New South Wales. Alikuwa mtoto mdogo wa mwili, wa kuonewa shuleni, na nyumbani baba alikuwa mkali. Mtoto wa namna hiyo ama huvunjika ama huwa chuma. Dale akawa chuma. Aliokoka akiwa kijana, na Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja akaingia kikosi cha makomando wa Australia. Baada ya vita akarudi kwenye kisiwa cha New Guinea, safari hii akiwa mmisionari. Don Richardson, mmisionari mwenzake aliyeandika maisha yake, hafichi kwamba jamaa huyu alikuwa mgumu kufanya kazi naye. Alijinyima usingizi, alijinyima chakula, na alitarajia kila mtu afanye vivyo hivyo. Ukiwa na mtu kama huyo kwenye kamati yako, utaomba sana!

Sasa hebu tupande kule alikoenda.

New Guinea ni kisiwa cha pili kwa ukubwa duniani. Nusu ya magharibi ilikuwa chini ya Wadachi, na mwaka 1963 ikaingia mikononi mwa Indonesia. Katikati yake kuna mgongo wa milima mirefu sana, na juu kabisa kuna barafu ingawa ni karibu na ikweta. Dunia ya nje haikujua kwamba kuna watu wengi wanaishi kwenye mabonde yale ya juu, hadi mwaka 1938 ndege ya msafara wa Marekani ilipopita juu ya bonde la Baliem na kuona chini mashamba yaliyopangwa vizuri, mitaro na moshi wa vijiji. Wayali wanaishi mashariki ya Baliem, kwenye mabonde membamba zaidi, yenye kuta kali. Bonde la Heluk ni mojawapo, na kijiji cha Ninia kiko humo.

Maisha ya Ninia yalisimama juu ya kiazi kitamu. Asubuhi kiazi, jioni kiazi. Wanawake walilima kwenye miteremko mikali hadi mtu wa tambarare angeogopa kusimama pale, wakitumia fimbo ya kuchimbia. Wanaume walikata miti kwa shoka la jiwe, maana chuma hakikuwepo, wala gurudumu. Mnyama wa thamani alikuwa nguruwe: ndiye mahari, ndiye fidia, ndiye sherehe, ndiye benki. Mwanamume alivaa kibuyu chembamba na kujizungushia kiunoni pete nyingi za fito laini za porini. Mwanamke alivaa sketi ndogo ya majani. Usiku wa milimani ni baridi, kwa hiyo waliota moto katikati ya nyumba ya mviringo isiyo na dirisha, na moshi ukakaa vifuani mwao tangu utotoni. Wanaume walilala nyumba yao ya pamoja, wanawake na watoto nyumba nyingine. Kulikuwa na buba, ule ugonjwa wa vidonda unaokula ngozi na mifupa, na haukuwa na dawa.

Tafadhali tusiwacheke. Naona wakati mwingine picha za watu kama hawa zikiwekwa kwenye skrini kanisani, vijana wanaguna na kucheka. Mtu anayelisha watoto wake kutoka kwenye mteremko ule kwa fimbo si mjinga. Wayali walijua kila mmea na kila njia, na katika hotuba za wazee wao walijua kukumbuka deni la vizazi.

Deni ndilo lililokuwa shida. Bonde la Heluk na bonde la Seng, ng'ambo ya mlima, walikuwa na visasi vya siku nyingi. Ukiuliwa mtu wako, unadai. Ukilipwa, wao nao wanadai. Juu ya hayo kulikuwa na kembu, roho walizoziogopa kuliko adui. Kembu walikuwa na maeneo yao matakatifu, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, na mwanamke au mtoto ambaye hajapitishwa kwenye mila akikanyaga humo, adhabu ni kifo. Richardson anasimulia juu ya binti mdogo aliyeingia tu kwa utoto wake, na watu wake mwenyewe wakamtoa atupwe kwenye mto Heluk. Si kwamba hawakumpenda. Waliamini wasipomtoa, viazi vitaoza, nguruwe watakufa, na kijiji kizima kitaisha. Nikisoma hapo huwa nasimama kidogo. Hofu inaweza kumfanya mzazi afungue mikono aachilie mtoto.

Huko ndiko Dale alifika mwaka 1961, kwa miguu, pamoja na Mkanada Bruno de Leeuw. Kazi ya kwanza haikuwa mahubiri. Ilikuwa kuchimba kiwanja cha ndege. Bila ndege hakuna dawa, hakuna chumvi, hakuna njia ya kumtoa mgonjwa. Ninia haina tambarare, kwa hiyo kiwanja kilichimbwa kwenye mteremko: ndege inatua ikipanda na kuruka ikishuka. Wakachimba kwa majembe na mikono, wakivunja na kuviringisha mawe, pamoja na Wayali walioajiriwa kwa vitu vya kubadilishana. Hapa ndipo ule ukomando ulifaa. Mtu laini angeangalia ule mlima akasema Bwana hajafungua mlango.

Kiwanja kilipokamilika mke wake Pat akaja na watoto. Naomba tumtaje huyu mama, kwa sababu katika hadithi za wamisionari mke huwa anatajwa mara moja tu, kwenye mazishi. Pat alilea watoto wake mahali pasipo na jirani wa lugha yake, na wagonjwa wakaja mlangoni. Kwa buba, sindano ya penisilini hufanya kazi haraka hadi mtu anashangaa: kidonda cha miaka kinakauka kwa siku chache. Mimi naamini sindano zilihubiri Ninia kabla ya ulimi wa mtu yeyote.

Dale alijifunza lugha, akaanza kutafsiri Maandiko. Ndani ya miaka michache Wayali kadhaa wa Ninia wakaamini, na wakachoma hadharani vitu vyao vya kembu. Dale aliwatia moyo wafanye hivyo. Sasa hapa ndugu zangu mtaniruhusu niseme mawazo yangu. Walioamini walikuwa na haki ya kuchoma vyao. Lakini kwa wazee ambao hawakuamini, ule moto haukuwa ushuhuda, ulikuwa hatari ya kuangamiza kila mtu. Walimwona mgeni anayefungua geti la mafuriko na kuwaambia watulie. Dale hakuwa mtu wa kungoja. Sijui kama mtu mpole angepata maadui wachache, lakini pia sijui kama mtu mpole angekaa Ninia hata miezi sita. Ukali uleule uliojenga kiwanja ndio uliofanya wazee wa kembu waanze kupanga.

Wa kwanza kulipa hawakuwa Wazungu. Yekwara na Bengwok walikuwa Wayali, vijana walioamini. Mwaka 1966 walivuka kwenda bonde la Seng, kwa maadui wa jadi, kuwaambia habari za Yesu. Fikiria hilo vizuri. Kwa hesabu ya zamani Myali wa Heluk alikwenda Seng kwa sababu moja tu, kulipiza. Hawa walienda bila upinde. Wakauawa.

Dale alipopata habari aliondoka kwenda kutafuta miili. Akaviziwa njiani, akapigwa mishale mitano. Akajikokota kwenye zile njia za mlima kurudi Ninia, akasafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya misheni, akapona. Daktari yeyote angemwambia apumzike Australia. Alirudi Ninia.

Septemba 1968 akapanga safari ya miguu kutoka Korupun, kwa Wakimyal, kurudi Ninia. Aliandamana na Mmarekani Phil Masters, mmisionari wa Korupun, baba wa watoto, pamoja na wapagazi wachache. Njia ilipita bonde la Seng. Tarehe 25 Septemba wanaume wa Seng wakawazunguka kwenye ukingo wa mto. Dale akawa nyuma, akijaribu kuwazuia. Wapagazi walioponyoka ndio walioleta habari, na kutokana nao inasimuliwa kwamba kila mshale ulipomwingia aliuchomoa, akauvunja na kuutupa chini, akiwa bado amesimama. Masters naye angeweza kukimbia mapema zaidi. Hakukimbia. Wote wawili wakafa pale. Dale alikuwa na miaka 52.

Miili yao haikuachwa ilale mahali pamoja. Ilikatwa na kutawanywa. Richardson aliambiwa sababu: wauaji walikuwa wamesikia kwamba hawa wageni wanafundisha kuhusu mtu aliyeuawa akafufuka, wakaogopa kwamba na hawa wataamka. Kumbe mahubiri yalikuwa yamefika Seng! Yekwara na Bengwok hawakufa kabla ya kusema jambo kuu.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Desemba 1968, ndege ndogo ya misheni ilikuwa ikibeba familia moja ya wamisionari, baba, mama na watoto wanne. Hali ya hewa ya milima ile ni ya kigeugeu, ukungu unafunga bonde kwa dakika. Rubani akaingia bonde ambalo silo, na ndege ikaanguka. Kati ya mabonde yote ya kisiwa kile, ilikuwa Seng. Rubani na familia wote wakafa, isipokuwa mtoto mmoja wa kiume aliyetoka kwenye moto akashuka peke yake kufuata njia.

Mwanamume wa Seng aitwaye Kusaho akamkuta. Kusaho ni mtu ambaye hakuwa amependezwa na mauaji ya Septemba. Akamchukua yule mtoto, akamweka kwenye nyumba yake, akampa kiazi na moto, akamlinda hadi waokoaji walipofika kwa helikopta. Waokoaji walishuka wakitarajia mishale. Wakaletewa mtoto mzima.

Hapo ndipo bonde likafunguka. Watu wa Seng waliona kwamba wale waliowaua watu wao hawakuja kulipiza, walikuja kutafuta mtoto, na wakashukuru. Nao wageni wakaona kwamba ndani ya bonde walilokuwa wakiliita la wauaji kulikuwa na mtu anayejua kumhifadhi mtoto asiye wake. Wamisionari wakaalikwa waje kukaa. Walimu wakaja, na baadhi ya wanaume walioshika upinde siku ile ya Septemba walikaa chini kusikiliza. Leo Wayali wana makanisa yao, wachungaji wao, na Biblia kwa lugha yao.

Kwa hiyo ile hesabu ya 1968 nimejaribu kuiandika upya, na nakiri kama mtu wa biashara kwamba sijui safu ya kumweka Kusaho. Hakuwa kwenye bajeti ya shirika lolote. Dale hakuwahi kumhubiria mlangoni kwake. Na Yekwara na Bengwok, ambao majina yao hayapo kwenye nyimbo zetu wala mahubiri yetu, nimeona heri niwaweke juu kabisa ya ukurasa, kabla ya Mwaustralia mwenyewe. Timu yetu ya misheni ikirudi kutoka safari ya siku tatu, tunauliza kwanza wangapi waliokoka. Ninia, katika mwaka wa kwanza, jibu lingekuwa: tumechimba.

Kule Korupun, alikoanzia Phil Masters safari yake ya mwisho, Wakimyal walipokea Agano Jipya kwa lugha yao mwaka 2010. Ndege ilipotua na maboksi, kijiji kizima kilikuwa kwenye kiwanja kimevaa mapambo, na wanaume wazima wakalia kama watoto. Video yake ipo, na tutaionyesha Jumatano baada ya maombi ya jioni. Leteni watoto.