Pasteur na Tope la Mikoko

Maji yakupwapo katika mkono wa bahari wa Mtwapa, tope la mikoko hutoa harufu ya yai viza, na wapitao huziba pua. Mimi ningewaomba walimu wenzangu wawapeleke wanafunzi papo hapo. Harufu hiyo ni kazi ya viumbe vya seli moja viishivyo ndani ya tope bila oksijeni. Badala yake hutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari. Na aliyeufunulia ulimwengu maisha ya namna hii hakuwa hata tabibu. Alikuwa mkemia, mwana wa mtengeneza ngozi.

Louis Pasteur alizaliwa Dole, Ufaransa, tarehe 27 Desemba 1822. Utotoni alisifika kwa uchoraji kuliko kwa masomo (wazazi wenye haraka na wazingatie). Mwaka 1854 alikwenda kufundisha Lille, na huko watengenezaji wa pombe wakamwingiza katika suala la uchachu. Wakuu wa kemia walishikilia kwamba kuchacha ni kuvunjika tu kwa kemikali. Yeye akathibitisha kuwa ni kazi ya viumbe hai, kama ifanyikavyo katika kibuyu cha mgema wa Kilifi.

Mwaka 1861 alikuwa akichungua kwa hadubini tone la majimaji yenye asidi ile iipayo siagi iliyoharibika harufu yake. Vijidudu vya katikati ya tone viliogelea. Vya ukingoni, palipogusa hewa, vilitulia tuli. Mwingine angelidhani tone limekauka. Pasteur alitambua kwamba hewa, uhai wetu sisi, kwao ni sumu. Mwaka 1863 akaviundia jina, anaérobie, kwa vipande vya Kigiriki: pasipo, hewa, uhai.

Hapa ndipo mwanaisimu anapokaa kitako. Wanafunzi wetu hulikariri neno hilo kama hirizi, ilhali lugha ya pwani ina kiungo tayari: kisohewa, visohewa. Atakayelalamika kwamba hewa si oksijeni akumbuke kuwa neno la Pasteur nalo husema hewa.

Maisha hayakumhurumia. Watatu kati ya watoto wake watano walifariki wangali wadogo, na mwaka 1868 kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Aliendelea kwa msaada wa mikono ya wasaidizi wake, hata akaifikia chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Miaka sita kabla ya hapo, Mjapani Kitasato Shibasaburo, akiwa Berlin, alikuwa amefaulu kuotesha bakteria wa pepopunda kwa kuwanyima oksijeni. Hao nao ni visohewa. Msumari uchomao mguu kwa kina huwapeleka pale hewa isipofika, na kidonda kikijifunga juu, chini wao hustawi. Mtoto aliyelielewa jina hilo ataweza kumweleza mamake kwa nini kidonda kidogo namna hiyo kinahitaji sindano.