Abdus Salam: Mwalimu aliyerudi nyumbani akakosa nafasi

NILIANZA shule uhamishoni, upande wa Zaire, nikisoma kwa Kifaransa. Tuliporejea Koboko, ofisi moja ilivikataa vyeti vyangu na ikabidi nianze upya. Leo nafundisha fizikia hapa Midia. Kila ninapochoka humkumbuka mwalimu ambaye sikuwahi kuonana naye, Profesa Abdus Salam.

Salam alizaliwa Januari 29, 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo ambao leo uko Pakistan. Akiwa na miaka 14 alipata alama za juu kuliko mtahiniwa yeyote aliyemtangulia katika mtihani wa jimbo la Punjab. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cambridge, Uingereza.

Mwaka 1951 alirudi kufundisha Lahore. Ndugu zangu mliorejea mnajua mambo haya. Hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye utafiti, na pamoja na elimu yake yote alipewa timu ya mpira ya chuo aisimamie. Mwaka 1953 zikazuka ghasia dhidi ya Waahmadiyya, jamaa ya dini aliyozaliwa ndani yake. Mwaka uliofuata akaondoka tena.

Kazi yake ilikuwa fizikia ya kwanta, elimu ya chembe ndogo sana zinazounda kila kitu. Msomaji usidhani ni mambo ya mbali. Simu unayotumia kutuma pesa kutoka Oraba au Ariwara ina vipande vinavyofanya kazi kwa kanuni hizo, na Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2025 kuwa mwaka wa sayansi na teknolojia ya kwanta.

Darasani huanza na kikapu cha mama zetu. Ukikizungusha, nakshi yake inabaki ileile. Salam alitafuta mpangilio wa namna hiyo katika maumbile. Imani yake kwamba Mungu ni mmoja ilimpa hamu ya kutafuta umoja nyuma ya nguvu zinazoonekana mbalimbali. Hesabu zake zilionyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na nguvu hafifu inayofanya baadhi ya atomu kuoza, zina asili moja. Mwaka 1983 chembe zilizotabiriwa zilionekana katika maabara ya CERN, Geneva.

Kabla ya hapo, mwaka 1979, alikwisha kutunukiwa Nobel pamoja na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Alikwenda Stockholm amevaa kilemba na mavazi ya kwao, na katika hotuba yake alisoma aya za Sura ya Al-Mulk. Weinberg hakuamini kuwa kuna Mungu, lakini wawili hao walifikia jibu moja, kila mtu kwa njia yake. Wanafunzi wakiniuliza kama sayansi huvunja dini, huwasimulia habari hiyo.

Salam hakusahau upweke wa Lahore. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia mjini Trieste, Italia, mji wa mpakani kama Koboko yetu, karibu na iliyokuwa Yugoslavia. Wanasayansi wa nchi maskini walifika hapo, wakafanya utafiti kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi makwao kufundisha. Hakutaka mtu alazimike kuchagua kati ya elimu na nyumbani.

Yeye mwenyewe ilimlazimu. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan liliwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu, naye akaacha kazi ya kuishauri serikali. Hata hivyo hakuukana uraia wake. Alifariki Oxford Novemba 21, 1996 na kuzikwa Rabwah, Pakistan. Baadaye neno Mwislamu lilifutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Kituo chake leo kina jina lake, na mwaka 2018 kilifungua tawi Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, linalofundisha shahada za juu za fizikia. Kutoka hapa mtu hufika huko kwa basi.

Majuzi kijana wangu mmoja aliniuliza kama akienda kusoma huko atakuwa ametukimbia. Nilimjibu kwamba anayekimbia ni yule aliyefukuzwa. Yeye aende, na sisi tuliobaki tumwekee nafasi ya kurudia, isiwe timu ya mpira peke yake.