Philly Lutaaya, mwimbaji aliyesema wazi kwamba ana sida

Philly Lutaaya alizaliwa mwaka 1951 huko Uganda, inchi jirani, ngambo ya Kasindi. Muziki ulimfikisha mpaka Uswidi. Mwaka 1989 alisema mbele ya watu wote kwamba ana sida. Wakati ule ugonjwa ulifichwa sana, na wengi walisema anadanganya ili auze nyimbo, sababu alionekana bado ana nguvu. Kumbe hatari iko hapo: mwenye virusi anaweza kuonekana mzima, na huku virusi vinapita kwa ngono bila kapote, kwa damu, na toka mama mpaka mtoto. Lutaaya alizunguka mashule na makanisa akieleza watu, hata mwili ulipoisha. Alikufa tarehe 15 Desemba 1989, na miaka 38. Macho hayapimi sida. Ni damu ndiyo inapimwa.