Maisha na Kazi ya Profesa Robert Koch (1843–1910)

Katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki, jina la Profesa Robert Koch haliwezi kuachwa. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya ya Wollstein, alitenga sehemu ya nyumba yake kuwa maabara. Humo, kwa hadubini na panya, alithibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria wa namna moja maalumu. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu, na kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Hata hivyo, mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa matumaini makubwa, lakini dawa haikuwaponya. Jambo hilo lilimtia doa, nalo lilikuja kufanana na yaliyotokea baadaye visiwani Ziwa Viktoria.

Kazi yake Afrika Mashariki

Koch alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Wakati huo pia alithibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, magharibi ya ziwa, ulikuwa tauni.

Alirudi mwaka 1905, na Amani katika milima ya Usambara ikawa moja ya vituo vyake. Alichunguza homa ya papasi, iliyowapata wasafiri waliolala katika vibanda vya njia za misafara. Alichimbua udongo wa sakafu za vibanda hivyo, akakuta papasi wamejificha humo. Alionyesha kwamba papasi ndiye anayebeba vijidudu vya homa hiyo, na kwamba papasi jike huvirithisha kwa watoto wake kupitia mayai. Katika miaka hiyohiyo Dutton na Todd walifikia ugunduzi wa namna hiyo nchini Kongo, na Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo mwaka 1905.

Malale katika visiwa vya Sese

Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa Uganda. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa katika mlipuko huo ulioanza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ilikwisha kujulikana mwaka 1903 kwamba mbung'o ndiye anayeueneza, ila tiba haikuwapo. Mwaka 1906 Koch aliweka kambi Bugala, katika visiwa vya Sese, na zaidi ya wagonjwa elfu moja wakatibiwa humo.

Aliwadunga sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vijidudu vilitoweka katika damu, na baadhi ya waliokuwa hawajiwezi waliinuka tena. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Ndipo Koch alipoongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa walipata maumivu makali, na zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Hapo alirudi kwenye kipimo kidogo, lakini macho yao hayakufunguka tena. Watu hao walikuja kambini wakitafuta uzima, na majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya sifa za sayansi.

Koch aliondoka mwaka 1907. Alishauri wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya pwani ya ziwa vifyekwe, na mamba wapunguzwe, kwa kuwa mbung'o walinyonya damu yao. Kambi zilifunguliwa Buhaya na kando ya Ziwa Tanganyika, lakini wagonjwa wengi walizitoroka, maana sindano ziliumiza na uponyaji haukuonekana.

Mwisho wake na matunda ya kazi yake

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Msaidizi wake, Friedrich Kleine, aliendelea na utafiti, na mwaka 1909 alionyesha kwamba vijidudu vya nagana, na kisha vya malale, hukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla ya kuweza kumwambukiza kiumbe mwingine. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2018, vidonge vya feksinidazoli viliidhinishwa kwa malale ya aina ya Afrika ya Magharibi na Kati, na mgonjwa akaweza kutibiwa bila sindano.

Ndiyo maana kumbukumbu ya Koch haikamiliki kwa kutaja ugunduzi wake pekee. Katika njia ndefu ya kuifikia tiba hiyo, wagonjwa wa Bugala walilipa kwa macho yao, nao wanastahili kukumbukwa pamoja na mganga wao.