Ewart Grogan: Mwenye Kinamasi cha Nairobi na Mkonge wa Taveta

Anayetoka barabara ya River Road na kuteremka kuelekea Mto Nairobi hana budi kupita mahali ambapo mafundi wa magari na wauzaji wa vipuri hupaita Grogon. Bango la barabara husema Kirinyaga. Serikali ya Kenya huru ilibadilisha jina la zamani, lakini vinywa vya watu havikutii bango. Wengi wanaolitamka jina hilo kila siku hawajui kwamba ni la ukoo wa mtu mmoja, Ewart Scott Grogan. Makala haya yanadhamiria kuusimulia wasifu wa mtu huyo na jamaa zake, na kuangalia jinsi ardhi moja inavyoweza kuzaa hadithi mbili.

Grogan alizaliwa Uingereza tarehe 12 Desemba 1874, katika familia kubwa iliyokuwa na watoto wengi kupindukia. Katika familia ya namna hiyo, kijana hawezi kutegemea urithi. Alisoma shule ya Winchester na kisha Chuo cha Jesus, Cambridge, ambako aliondoka bila shahada. Mwaka 1896 alikuwa miongoni mwa Wazungu waliopigana na Wandebele katika nchi iitwayo Zimbabwe hivi leo.

Baadaye alisafiri hadi New Zealand kwa rafiki yake wa Cambridge, na huko akampenda dada wa rafiki huyo, Gertrude Watt. Binti huyo alitoka katika nyumba yenye mali, na baba yake wa kambo alimshuku Grogan kuwa mtu anayewinda utajiri. Ili kuthibitisha uanaume wake, Grogan aliahidi kuvuka Afrika kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo. Alianza mwaka 1898 na kufika Kairo mwaka 1900, akasifiwa kuwa mtu wa kwanza kukamilisha safari hiyo kutoka kusini hadi kaskazini. Mwaka uo huo alichapisha kitabu cha safari yake na kumwoa Gertrude. Hata hivyo, hakuenda peke yake. Mizigo ilibebwa na wapagazi Waafrika, wakiwemo Watonga wa Ziwa Nyasa. Sifa ya safari ilimwendea mmoja. Uzito wake ulibebwa na wengi.

Wanandoa hao walifika Nairobi mwaka 1904, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikigawa ardhi kwa walowezi kana kwamba haikuwa na wenyewe. Grogan alipata kibali cha kukata miti katika msitu mkubwa wa nyanda za juu, kwa kuwa reli na mji mchanga vilihitaji mbao. Alijipatia pia kinamasi kilichokuwa kando ya Mto Nairobi, pamoja na ardhi huko Mbaraki, Mombasa, akiitazamia bandari. Wengi waliona kinamasi hicho kuwa makao ya mbu tu. Yeye alitambua kwamba mji ukikua, ungelazimika kukifuata. Ndugu yake, Quentin, naye alikuja Afrika Mashariki na kuwa mwindaji wa ndovu.

Upande wa magharibi wa mji, Grogan alijenga nyumba aliyoiita Chiromo, jina la mji wa Malawi ulio mahali ambapo mito Shire na Ruo hukutana. Nyumba hiyo ilipita mikononi mwa wengine, na leo jina hilo ni la bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia darasani Chiromo huingia, pasipo kujua, katika sura mojawapo ya historia ya ukoo huu.

Sura nyeusi kuliko zote iliandikwa mwezi Machi 1907. Grogan, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa tuhuma kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamepanda riksho. Hakimu alijaribu kuuzuia umati asifanikiwe. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja tu, nacho alikitumikia katika nyumba badala ya gereza la kawaida. Jambo linalosikitisha zaidi ni kwamba, katika masimulizi mengi, jina la mpigaji linakumbukwa na majina ya waliopigwa hayatajwi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Grogan aligeukia Taveta, karibu na mpaka wa Tanganyika. Huko alifungua mashamba makubwa ya mkonge, akachimba mifereji ya kuleta maji ya chemchemi zinazolishwa na Kilimanjaro, na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima jumba ambalo hadi leo huitwa kasri la Grogan. Mkonge haukuhitaji mvua nyingi, bali ulihitaji mikono mingi: kukata majani, kuyasomba hadi kiwandani, kuyasaga na kuanika nyuzi. Jijini Nairobi, alikuwa amejenga hoteli ya Torr's iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Kwa kumkumbuka, mumewe alitoa ardhi ya Muthaiga iliyojengwa hospitali ya watoto, ambayo ilifunguliwa mwaka 1947 na ingali inaitwa kwa jina la mkewe. Haiwezekani kuuandika wasifu wa Grogan kwa haki bila ya kulitaja tendo hili. Wala haiwezekani kulitumia tendo hili kufutia alama za viboko. Grogan aliaga dunia mjini Cape Town mwezi Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92, mahali palipokaribiana na mwanzo wa safari iliyompa jina.

Huko Taveta, mashamba makubwa yalihamia kwa wamiliki wengine, na madai ya maskwota wasio na ardhi yakaendelea miongo mingi baada ya uhuru. Wenye kuishi kandokando ya mkonge hawajauliza Grogan alitembea maili ngapi. Wameuliza ni lini watapata hati.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunafundishwa kwamba wasifu humchagua shujaa wake, na kwa kumchagua mmoja huwanyamazisha wengine. Mpagazi Mtonga, mvuta riksho na mkata mkonge nao walikuwa na maisha yanayostahili kuandikwa. Kazi hiyo ya kuyatafuta na kuyaandika kwa Kiswahili ingali inatungoja, na mahali pazuri pa kuianzia ni pale Grogon.