MAISHA YA IMAMU SULTAN BIN SAIF, SHUJAA WA BAHARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wengi wetu hapa Mpitimbi hatujaiona bahari, lakini tunapaswa kumjua Imamu huyu wa Oman.

Katika zama zake Wareno walijifanya wenye bahari. Chombo cha Muislamu kisichokuwa na cheti chao kilikamatwa pamoja na mali yake. Dhahabu na pembe za ndovu za Afrika Mashariki zilipakiwa katika merikebu zao kwenda Goa. Muscat waliiteka tangu 1507.

Sultan bin Saif Al-Yarubi alichaguliwa kuwa Imamu mwaka 1649, baada ya kufariki binamu yake, Nasir bin Murshid. Januari 1650 aliikomboa Muscat. Merikebu za Wareno zilizotekwa bandarini hakuzichoma, bali alizifanya mwanzo wa jeshi lake la majini.

Mwaka 1652 merikebu zake zilifika Unguja na kuwapiga Wareno. Mwana Mwema, Malkia wa Unguja, aliwaunga mkono Waomani. Wareno waliporudi walimfukuza kisiwani. Hivyo watu wa Pwani nao walilipa gharama ya uhuru.

Shambulio lake mashuhuri ni la Diu, bandari tajiri ya Wareno huko India, mwaka 1668. Waomani waliingia mjini wakachukua mali nyingi mno. Tuseme kweli: hata raia walichukuliwa mateka, na vita haviwaachi wasio na hatia.

Mali ile ilikwenda wapi? Inasimuliwa kuwa ngawira ya Diu ilitumika kujenga ngome kubwa ya Nizwa, iliyochukua miaka 12 kujengwa na imesimama hadi leo. Imamu alijenga pia mifereji ya maji, inayoitwa falaj, ili mashamba yanyweshwe.

Alifariki mwaka 1679. Baada yake wanawe wawili, Bil'arab na Saif, waligombea uongozi, na Bil'arab akafa akiwa amezingirwa na nduguye katika ngome ya Jabrin. Baadaye Saif ndiye aliyeiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698.

Wanafunzi, hapa pana zingatio. Baba alimshinda adui wa nje, lakini ngome haikuzuia ugomvi wa ndugu. Basi tupendane madrasani na majumbani kwetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie umoja. Amin.